Kitu Kisishuke Kooni

Rwamgasa, 9 Machi 2024

Dada yangu Mama Limi,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa sababu ile ya kwanza najua umeiitikia huku umenuna. Mimi mzima kabisa. Msalimie mama yetu Mayu, mwangaluka, mwambie mwanaye wa mwisho anakula, analala, na bado hajaoa, asihangaike kuulizia. Limi vipi na shule? Msalimie sana, mwambie mjomba anamdai barua.

Usishangae kuona karatasi zama hizi. Mwenye duara letu, hili shimo la dhahabu, mzee Mwigulu, anakusanya simu zote getini. Anaogopa mtu atapiga picha mwamba amwite tajiri mwingine. Ukishaingia kambini wewe na simu mmeachana hadi siku ya kuondoka. Kwa hiyo barua nampa Mihayo, yule wa lori la mchele wa hapo Shinyanga, anayetuletea chakula kila akijisikia kuja.

Kazi ni nzito lakini naiweza. Tunashuka watano: mimi, Otmar ambaye ni mtu mzima wa Runzewe, na wenzetu watatu wa Bukombe. Shimo refu, huko chini joto kama tanuri la matofali, tunagonga mwamba na kujaza viroba mchana kutwa. Sasa unakumbuka nilivyokuwa nakimbia mbio ndefu, na kile kinywaji cha wakimbiaji nilichokuwa nabeba kiunoni? Nimewafundisha wenzangu. Glukosi, chumvi kidogo, ndimu za kutosha. Kila mtu na chupa yake shingoni, funda dogo dogo tangu kushuka mpaka kupanda. Dada, wale wa duara la jirani ikifika mchana wamelala juu ya viroba vyao, sisi bado tunagonga. Mwigulu amefurahi mpaka ametununulia poda yenyewe, ile ya makopo.

Ila kuna kitu. Meno ya mbele yananiuma nikivuta hewa ya baridi. Ncha zake zimekuwa nyembamba, ukitazama kwenye kioo mwanga unapita. Otmar yeye yamekatika kabisa, amebaki na visiki, akinywa anakoroma. Wewe si unafanya kazi na daktari wa meno? Nipe dawa. Hotuba kaa nayo.

Mdogo wako,
Maganga

*

Ngokolo, 24 Machi 2024

Mdogo wangu Maganga,

Marahaba. Mayu ameitikia mwangaluka yako, kisha akauliza kama kuna wasichana huko Rwamgasa au ni mawe matupu. Magoti yanamsumbua lakini ulimi mzima. Limi yupo, amekuwa mrefu kunipita na kiburi pia. Mvua zimegoma huku, watu wamepanda mtama mara mbili.

Hotuba utaipata, na utaisoma yote.

Kile kinywaji si kibaya kwa kazi yako, nisikudanganye. Mtu akifanya kazi nzito mfululizo, akiba ya wanga iliyo kwenye misuli na ini inaanza kwisha baada ya saa moja na nusu, mbili hivi. Hapo ndipo sukari inamwokoa, ndiyo maana wakimbiaji wanaibeba. Ubaya ni namna unavyokinywa. Funda dogo dogo kutwa nzima maana yake meno yako yanaogeshwa sukari na ndimu kutwa nzima. Ndimu inalainisha gamba la jino, wadudu wa mdomoni wanakula sukari na kutoa asidi yao, na kwa vile unahema kwa kinywa kwenye joto, mate yamekauka. Mate ndiyo mlinzi wa meno, Maganga. Wewe umemfukuza mlinzi ukaacha mlango wazi.

Fanya hivi. Kunywa kwa mkupuo, kisha pumzisha mdomo. Kila ukimaliza, sukutua kwa maji matupu uteme. Usipige mswaki papo hapo, ngoja nusu saa, maana gamba likiwa laini utalisugua litoke. Ndimu acha. Na kuna jambo ameniambia daktari wetu, Hosiana, ambalo limenishangaza: kama unataka nguvu ya kumalizia kazi ya muda mfupi tu, si lazima hata umeze. Ukizungusha kile kinywaji mdomoni ukatema, ulimi unaonja wanga, ubongo unaamini chakula kinakuja, basi unaachia nguvu. Wakimbiaji wengine wanafanya. Lakini hiyo ni kwa mtu aliyekula nyumbani kwake, na meno yasafishwe kwa maji baadaye.

Nimekuwekea michembe ya viazi na karanga kwenye mfuko wa Mihayo. Kula.

Dada yako,
Vumilia

*

Rwamgasa, 2 Mei 2024

Dada Mama Limi,

Shikamoo. Samahani kwa kukawia, Mihayo alikwama barabara ikikatika, halafu na sisi tulikuwa na mambo. Mayu anaendeleaje na magoti? Asante kwa michembe, wabeja sana, ingawa sikuila, nitakueleza.

Barua yako imetuletea bahati. Mwamba ulikuwa umepotea, wiki tatu tunagonga jiwe bovu. Mwigulu akamleta mganga wake. Mzee yule hakushuka, alikaa tu mdomoni mwa shimo akasikiliza, kisha akasema duara lina njaa, linaona watu wanakula ndani yake na halijapewa. Akaweka mwiko: mtu akiwa chini, kitu kisishuke kooni. Si ugali, si maji, hata mate ikiwezekana. Wenzangu wakasema hatutaweza, tutaanguka. Ndipo nikakumbuka maneno ya daktari wako. Nikawaambia, hatumezi, tunasukutua na kutema. Mwigulu alicheka mpaka akakaa chini. Mganga naye akakubali, ila akasema tuteme mahali pamoja, kule kwenye kona ya mwisho ambako zamani kulikuwa na duara lingine likatitia. Alisema hiyo ndiyo sehemu ya duara lenyewe.

Na inafanya kazi. Unazungusha mdomoni, unatema, mikono inaamka yenyewe. Mwamba tumeupata siku ya nne. Sasa Mwigulu hataki tupande kila jioni, tunalala hukohuko zamu mbili, zamu tatu.

Kuna mambo mawili madogo, usiyaone makubwa. Ile kona tunayotemea haijawahi kuwa na unyevu. Watu watano tunatema pale kutwa, ukipeleka kiganja unakuta vumbi. La pili, tukisukutua wote kwa pamoja, kwa sababu tunapenda kufanya pamoja kama mchezo, nasikia mmoja amezidi. Sisi tukishatema, kule kwenye kona kuna anayeendelea kuzungusha mdomoni. Otmar anasema ni mwangwi. Nimemwambia sawa.

Meno hayaumi tena.

Maganga

*

Ngokolo, 19 Mei 2024

Maganga,

Marahaba. Mayu hajambo, Limi hajambo, mimi ndiye nina jambo.

Barua yako nimeisoma nikiwa kazini, nikamwomba daktari Hosiana dakika tano tukaisoma tena pamoja. Sikumsomea ile ya kona. Amesema nikuandikie kwa herufi kubwa lakini nitakuandikia kama kawaida, unielewe tu. Ule ujanja ni wa kazi ya saa moja tu. Ni wa mtu aliyekula. Kinywa kinaudanganya ubongo, na ubongo unaifungua akiba iliyopo. Ukiwa huna akiba, utafungua nini? Ni kama kumwonyesha ng'ombe majani ili avute jembe, jioni humpi, kesho unamwonyesha tena. Atavuta. Atavuta mpaka siku anayolala kwenye mtaro na hainuki. Wewe umelelewa na ng'ombe, sihitaji kukueleza.

Na meno kuacha kuuma si kupona. Jino linauma kwa sababu liko hai.

Kuhusu huyo anayezidi, daktari anasema sukari ikishuka sana kwenye damu mtu huchanganyikiwa, husikia na kuona visivyokuwapo. Nilimuuliza kama swali la mgonjwa mwingine, sikukuaibisha. Basi nataka iwe hivyo. Nataka iwe ni njaa tu, maana njaa nina dawa yake.

Kesho yake nilikwenda kazini nikamkuta mgonjwa anasukutua kwenye beseni, nikatoka nje nikasimama juani. Umeniharibia kazi yangu.

Panda, mdogo wangu. Sikudai dhahabu na hakuna mtu nyumbani anayeidai. Mayu anakutaka wewe, na mimi nakutaka hata usipokuwa na jino moja. Njoo na Mihayo kwenye lori. Nimekuwekea maziwa ya mgando kwenye dumu, michembe, na glukosi ya kumeza. Ya kumeza, umesikia?

Vumilia

*

Rwamgasa, 23 Juni

Dada,

Siji kwanza. Nguvu ninazo, sijawahi kuwa na nguvu hivi hata nilipokuwa nakimbia. Njaa imeondoka. Chakula chako nimekirudisha kwa Mihayo, kinanuka.

Jino la mbele limetoka juzi. Nilikuwa nazungusha, nikatema, likaenda na mate kwenye kona. Halikuuma wala kutoa damu. Nililitafuta kwa tochi, pale pana vumbi tu.

Otmar aliangua kilio bila sababu, akaanguka, wakamvuta kwa winchi. Amepelekwa kwao Runzewe. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba alipokwisha kuondoka, niliendelea kumsikia. Unamkumbuka nilivyokueleza, ana visiki, akizungusha mdomoni anakoroma? Mkoromo uleule, kule kwenye kona. Wenzangu wamesikia pia. Mmoja akaita, Otmar. Kukawa kimya, halafu ukaendelea.

Wale watatu hawataki kwenda karibu. Mimi naenda, kwa sababu mwamba mzuri uko upande ule.

Usiniandikie habari za ng'ombe.

Maganga

*

Ngokolo, 11 Julai 2024

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Hukunisalimia safari iliyopita. Tangu ujue kuongea hujawahi kunianza bila shikamoo, hata siku ile uliyonitoroka na baiskeli yangu. Mimi ndiye ninayekusalimia leo. Mwangaluka, Maganga.

Barua hii simpi Mihayo. Naiacha kwa Mayu, endapo utatokea kwa njia nyingine tukapishana. Najua haielekei, lakini naiacha.

Mihayo amerudi jana. Anasema getini alikuulizia, wakamjibu kuwa hujapanda zaidi ya wiki. Wale wenzako watatu wamekimbia, wamesema hawashuki tena hata kwa bunduki. Viatu vyako na chupa yako viko chini. Mwigulu mwenyewe amekaa mdomoni mwa shimo, amemwita Mihayo asikilize, na Mihayo amesikia. Mihayo si mwongo na si mlevi. Amesema ni mtu anasukutua, anazungusha maji mdomoni, anatema, anaanza tena. Amesema ulimi unagonga pengo la mbele. Alivyouigiza huo mlio hapa sebuleni, Mayu alijifunika uso kwa kanga akasema, huyo ni Maganga.

Wamekuita hupandi. Hakuna anayethubutu kushuka kukufuata. Mganga wao amesema atakayekutoa ni damu yako, ashuke akuite kwa jina lako lile la nyumbani, alilokupa babu, ambalo huko kambini hakuna anayelijua. Mwanamke hashuki kwenye duara, wewe unajua mwiko wao, lakini Mwigulu amesema mimi nitaruhusiwa. Nishuke Jumapili asubuhi, nikiwa sijala tangu Jumamosi, nisukutue kama mlivyokuwa mnasukutua, niteme kwenye kona, kisha nikuite.

Mimi ni mtu wa zahanati. Kila siku nawaambia watu waache waganga. Na hapa nilipo nimeshafunga mkoba, kesho napanda basi. Nimeweka uji wa unga, glukosi, chumvi, na blanketi. Kama bei ya kukutoa ni kusukutua kwenye shimo na kuita jina gizani, nitasukutua na nitaita mpaka sauti ikauke. Naogopa, Maganga. Lakini Mayu hawezi kuzikiwa mtoto na shimo.

Najua huko chini hutaisoma hii, lakini kaa hapohapo ulipo. Ukisikia jina lako, itika, nitaifuata sauti.

Dada yako,
Vumilia

*

Ngokolo, Jumamosi 13 Julai 2024

Dada yangu Mama Limi,

Shikamoo. Shikamoo dada. Shikamoo.

Niko nyumbani. Niko kwako, naandika juu ya meza yako, Mayu amenishika bega, ameng'ang'ania kama nitapeperuka. Tumepishana. Barua yako nimeipata mkononi mwake nilipokuwa bado mlangoni. Simu yako nimeipiga na kuipiga, haipatikani, najua mlinzi wa geti ameshaichukua.

Nisikilize vizuri. Mimi nilishapanda. Nilipanda mwisho wa mwezi wa sita, kama siku tano baada ya barua yangu ile mbaya. Wale watatu walikuwa wamelala. Mimi nilikuwa karibu na kona nagonga, nikajisikia mikono inaendelea kugonga na mimi mwenyewe nimeshaacha. Nikaitupa nyundo. Nikavua viatu, sijui kwa nini, labda nisisikike. Sikutaka kupita kwenye winchi waniulize, basi nikapanda kwa ngazi za kale za lile duara lililotitia, nikatambaa mpaka juu kwenye mihogo ya watu. Hakuna aliyeniona. Dereva wa lori la mkaa aliniokota barabarani akaniuliza kwetu wapi, nikashindwa kutaja Shinyanga, nikataja Runzewe kwa sababu Otmar alikuwa kinywani mwangu.

Anisia, mke wa Otmar, amenilisha uji kwa kijiko kama kifaranga. Kwa siku nyingi nilikuwa nazungusha na kutema, yeye anafuta na kuanza tena, mpaka siku niliyomeza. Nililia, dada. Uji ulipita kooni nikausikia unashuka mpaka chini, nikalia. Meno yangu ya mbele hayapo hata moja. Miguu imevimba, nimebebwa kushushwa kwenye gari, siwezi kusimama, la sivyo ningekuwa njiani sasa hivi nakufuata.

Otmar aliniambia kitu ambacho lazima ukijue. Yeye alipofika kwao alikuwa mahututi lakini yuko hai, yuko kitandani kwake, mkewe yuko pembeni. Na wakati huohuo mimi nilikuwa namsikia kule chini. Sasa mimi niko hapa na ninyi mnanisikia kule chini. Lile lililoko kwenye kona limechukua koo la Otmar, limechukua koo langu, kwa sababu tulilipelekea wenyewe, funda kwa funda. Linajua kukoroma kama sisi. Lakini sijawahi kulisikia likisema neno. Yule mwenzetu alipoita Otmar, halikuitika. Hilo ni jina la kambini, kila mtu analitaja mle ndani, nadhani halilifai kitu. Ila jina la babu halijatajwa mle hata mara moja. Mimi sikulitaja, naapa kwa Mayu. Ndilo wanalotaka ulipeleke, na wanataka ulipeleke ukiwa na njaa, na utamu mdomoni.

Usisukutue. Usiteme kitu mle ndani. Kunywa uji wako wote, umeze, mbele yao, kabla hujafika kwenye ngazi. Kama umeshashuka, panda, hata ukiisikia sauti yangu inalia, hata ikilia kama nilivyokuwa nalia nikiwa mdogo. Mwigulu akisema ni mimi, mwonyeshe karatasi hii. Mwandiko wangu anaujua.

Ninaogopa kuliko nilivyoogopa nikiwa chini. Nilikuwa najua ni nani atakayenifuata, ndiyo maana sikukusalimia, nilitaka unikasirikie usije. Hukukasirika. Wewe ni mjinga sana, dada, na nakupenda.

Mihayo amekubali kuondoka sasa hivi, hangoji mzigo. Anasema akikimbiza atafika alfajiri. Amewasha lori, anapiga honi.

Usiliite lile jina. Mimi nimetoka, niko na Mayu. Atakayekuitikia huko chini si mimi.

Mdogo wako,
Maganga